Namba Tasa

Ukumbi wa chini, jengo la hisabati, Aberystwyth,
saa nne asubuhi. Wao wanasema kumi;
nimezoea kutoa sita kimyakimya kila nikitazama ukuta.
Nje mvua inaanguka kiubavu,
kama mtu anayepita mlango mwembamba na gunia.
Dakta Eluned Prosser anaandika kwa chaki
(hapa bado wanatumia chaki, nilistaajabu,
nilidhani nimeiacha Korogwe na kikohozi chake):
mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja.
Anatugeukia. Hizi mnaziitaje?

Darasa zima likajibu kwa Kiingereza.
Mimi nikajibu kimoyomoyo, kwa neno
nililolifundisha miaka kumi na miwili, Kidato cha Kwanza,
bila kulisikia hata siku moja:
tasa.

Namba tasa hugawanyika kwa moja
na kwa nafsi yake tu.
Nikigonga meza kwa rula, semeni tena,
na wavulana wa nyuma wakicheka chinichini,
nami nikidhani wanacheka viatu vyangu.

Wifi yangu Mwanahawa hakucheka.
Wifi alisema wazi, mbele ya sufuria
la pilau ya watu sitini:
Miaka tisa ndani ya nyumba ya kaka yangu,
hata paka wetu ameshazaa mara nne.
Tisa si tasa. Tisa ni tatu mara tatu.
Sikumwambia. Nilikuwa nakuna nazi.

Jioni maktabani, ghorofa ya pili, karibu na hita,
Iestyn ananiuliza tena habari za induksheni.
Baba yake anafuga kondoo huko Tregaron.
Ana miaka kumi na minane,
ambayo kwa lugha ya kwao huitwa tisa-mbili,
na ananiita Mwalimu ingawa nimemkataza.
Namweleza: ukishapanda ngazi ya kwanza,
na kila ngazi ikakukabidhi kwa inayofuata,
huna haja ya kuziona zote.
Anaelewa. Anasahau. Namweleza upya.
Hii ndiyo kazi niijuayo.

Kisha nikamwuliza, bila sababu
(uongo; sababu ninayo):
Mbili, tatu, tano, kwenu mnaziitaje?
Cysefin, akasema, akitafuna kalamu.
Maana yake? Akatazama dari.
Za mwanzo, akasema. Za chimbuko.
Zilizokuwapo kabla,
hizo nyingine zote zikaundwa kwazo.
Halafu akauliza kama mkahawa bado uko wazi.

Nikabaki na daftari.
Sitini: mbili, mbili, tatu, tano.
Nikaandika tena, polepole, kama anayehesabu wageni.
Mkeka mzima wa walaji wa pilau,
na chini yao hakuna kingine ila tasa.
Nne ya paka: mbili, mbili.
Hata tisa yangu.
Nilicheka kwa sauti, na msichana wa meza ya pili
akavua visikilizio vyake akanitazama.

Swali la tano, la kukabidhi Ijumaa:
thibitisha kwamba hazina mwisho.
Chukua zote unazozijua, zizidishe, ongeza moja.
Sasa igawanye kwa yoyote kati ya hizo.
Inabaki moja.
Jaribu nyingine. Inabaki moja.
Kwa hiyo ipo tasa ambayo hukuihesabu,
ilikuwa imekaa huko mbele,
haijatuma salamu kwa mtu.

Nimeandika kwa Kiingereza, kama wanavyotaka.
Pembeni, kwa penseli, nimeandika neno letu,
nikalifuta, nikaliandika tena.
Chumbani kwangu ni saa sita usiku, soksi za sufu
za mama yake Iestyn zinakauka kwenye hita.
Nina miaka thelathini na saba. Igawanye ukipenda.
Swali la sita, kusema kweli,
sijalielewa hata mstari wa kwanza.